Ua Lililotoka, Jani Lililoingia

Anayepita kwa gari kutoka Londiani kwenda Kericho, au kutoka Litein kwenda Bomet, huona chai tu: kijani kimoja kilichokatwa juu sawasawa, kinachopanda na kushuka pamoja na vilima mpaka macho yachoke. Mito haionekani. Imejificha mabondeni, ndani ya kanda nyembamba za miti zilizoachwa kandokando ya maji, na huko kwenye kivuli na unyevu ndiko inakomea jamii ya mimea ambayo wataalamu wameipa jina Impatiens. Ni mimea ya shina nono lililojaa maji, lisilo na ukuni ndani yake. Ukilikunja linavunjika kwa mlio wa tango bichi. Maua yake ni ya waridi, meupe, mekundu au ya zambarau, na kila ua lina kijimkia kirefu nyuma, chembamba kama uzi, kinachohifadhi asali kwa ajili ya wadudu wenye ulimi wa kukifikia. Tunda likiiva halihitaji ndege wala upepo: liguse tu, kuta zake hujikunja ghafla na kurusha mbegu pande zote. Jua la adhuhuri likipenya kwenye kivuli, mmea mzima hunyong'onyea kana kwamba umekufa, na jioni husimama tena. Kipande cha shina kikivunjika na kuangukia tope, baada ya majuma machache kimeshatoa mizizi.

Katika nyanda za juu za Kenya jamii hii ina watoto wengi. Yupo Impatiens sodenii, anayeweza kuupita urefu wa mtu mzima, mwenye maua mapana yaliyotandazwa bapa. Yupo Impatiens tinctoria, mwenye maua makubwa meupe yenye madoa mekundu kooni. Huko Ethiopia mizizi ya aina hiyo hutumika kupaka mikono na miguu rangi, kama hina ya pwani. Na yupo ndugu yao wa misitu ya mashariki zaidi, Impatiens walleriana, anayeanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Msumbiji, ambaye leo hii hupandwa kwenye vyungu na vitalu vya maua kutoka London hadi Chicago, bila wapandaji wake wengi kujua alikotoka. Nchi ya chai hupenda kujisimulia kwa hadithi moja, kwamba ulikuja mmea bora ukakuta ardhi bora, na mengine yakafuata yenyewe. Historia ya mimea hii miwili, mmoja ulioingia Kericho na mwingine uliotoka Afrika Mashariki, inapinga hadithi hiyo. Thamani ya mmea haikai ndani ya mmea. Hutengenezwa na sheria, ardhi, maabara na soko, na anayeshika hivyo ndiye anayeamua upi uitwe zao na upi uachwe uwe majani ya mtoni.

Tuanze na uliotoka. Mwaka 1868 Joseph Hooker, bingwa wa mimea wa bustani ya Kew, alitangaza jina Impatiens walleriana kwa heshima ya Horace Waller, mmisionari aliyekuwa na kundi la kanisa la Kiingereza katika nchi ya mto Shire enzi za David Livingstone. Jina lilibaki kitabuni, ua likabaki msituni. Kilichobadilisha mambo ni Zanzibar. Aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kisiwani, John Kirk, alikuwa daktari na mwanamimea kabla hajawa mwanadiplomasia. Yeye mwenyewe alishiriki msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi kuanzia 1858. Kirk huyo ndiye aliyembana Sultani Barghash bin Said mwaka 1873 mpaka akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na ni yeye aliyepeleka Kew mbegu za ua hili. Lilipochanua Uingereza, Hooker alilitangaza mwaka 1882 katika jarida la Curtis's Botanical Magazine kwa jina jipya, Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Ni heshima ya ajabu kidogo: mtawala anayepunguziwa mamlaka mwaka hadi mwaka anapewa ua. Kwa aliyeijua siasa ya Zanzibar ya miaka ile, ilikuwa zawadi isiyomgharimu mtoaji chochote.

Wajerumani nao hawakulala. Kwenye milima ya Usambara, mkusanyaji wao Carl Holst alichuma mmea uliokuja kuitwa Impatiens holstii. Julius von Soden, gavana wa mwanzo wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akapata wake, huyo sodenii niliyemtaja. Ilichukua muda mrefu wataalamu kukubaliana kwamba wa Waller, wa Sultani na wa Holst wote ni mmea mmoja, na kwa kuwa jina la kwanza ndilo lenye haki, Sultani akaondolewa. Milima hiyohiyo ya Usambara ndiko alikotokea mwaka 1892 mmea mdogo wa majani manene yenye manyoya ambao Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliutuma Ujerumani. Ukaitwa Saintpaulia, ukawa ua la madirishani katika nchi za baridi. Ramani ya njia hizi inaeleweka upesi: konsuli au gavana, sanduku la mbegu, meli, nyumba ya vioo, jarida lenye picha ya rangi, kisha orodha ya bei ya muuza mbegu. Kila kituo kiliongeza thamani kidogo, na hakuna kituo hata kimoja kilichokuwa huku kwetu isipokuwa cha kwanza.

Hatua kubwa kuliko zote ilipigwa mbali kabisa. Mmarekani Claude Hope alifika Kosta Rika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kazi ya kuzalisha kwinini kwa ajili ya wanajeshi, akabaki, na baada ya vita akaanzisha shamba la mbegu za maua. Ua la Afrika Mashariki alilikuta likiwa limekimbia bustani na kumea ovyo. Likiwa hivyo lilikuwa refu, legevu, lenye maua machache kwa kila tawi. Hope alichagua na kuchanganya kwa miaka mingi mpaka akapata mimea mifupi, iliyojaa maua, yenye tawi linalotoka chini kabisa, na katika miaka ya 1960 akaitoa sokoni kwa jina Elfin. Miongo miwili baadaye hakukuwa na ua la kitaluni lililoshinda hili kwa mauzo nchini Marekani. Sababu ilikuwa sifa iliyokuwemo tangu msituni: linachanua kivulini, mahali ambapo maua mengine hukataa. Sifa ilikuwa ya kwetu. Uchaguzi, chapa na soko vilikuwa vya Hope na wanunuzi wake. Nalisema hili bila uchungu, maana kazi aliyoifanya ilikuwa kazi kweli, na mbegu isiyofanyiwa kazi haipati bei.

Sasa tugeukie jani lililoingia. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na G.W.L. Caine, na kwa miaka mingi ilikuwa pambo zaidi kuliko zao. Kericho nayo haikuteuliwa kwa ajili ya chai. Baada ya Vita vya Kwanza serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza walioumia vitani, mpango uliojulikana kwa kifupi kama BEADOC, na zao walilopangiwa lilikuwa kitani. Bei ya kitani ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, mpango mzima ulikufa. Yaani ardhi ileile, mvua ileile ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, udongo uleule mwekundu wenye asidi ambao leo tunaambiwa uliumbwa kwa ajili ya chai, ulipandwa kitani na wenye elimu na mtaji, na hakuna aliyeona kosa lolote. Makampuni mawili, Brooke Bond na James Finlay, ndiyo yaliyoingia katikati ya miaka ya 1920 na kugeuza mabaki hayo kuwa mashamba makubwa ya chai. Hawakuja na mmea peke yake. Walikuja na fedha za kusubiri miaka kadhaa kabla ya mavuno, viwanda vya kukaushia, mafundi wa kutoka India, na soko la London walilokwisha kulishika.

Na ardhi ilikuwa na wenyewe. Wakipsigis walikuwa wameshapokonywa malisho yao tangu muongo wa kwanza wa karne, pale walowezi walipowekwa Sotik katikati yao na Wagusii kama ukuta wa kuwatenganisha. Mifugo iliyozoea kuhamishwa kati ya nyumbani na kambi za malisho, kaptich, ilibanwa ndani ya hifadhi ya wenyeji, na watu wakaanza kuishi kama maskwota kwenye ardhi ya baba zao. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Laibon, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikauhamisha ukoo wao mzima wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto, mbung'o na malaria. Ni miaka hiyohiyo ambapo mkataba wa kimataifa wa chai wa 1933 ulizuia upanuzi wa mashamba ili bei isianguke, na serikali za Afrika Mashariki zikakubali kujifunga nao. Kwa Mwafrika kizuizi kilikuwa kikali zaidi: hakuruhusiwa kupanda chai ya kuuza hadi miaka ya 1950. Alikaribishwa kuichuma. Kwa hiyo anayesema chai ilishinda Kericho kwa ubora wake hana budi aeleze kwa nini mmea bora namna hiyo ulihitaji sheria ya kuhamisha ukoo, mkataba wa kulinda bei na marufuku ya kumzuia jirani asiupande.

Msomaji atapinga kwamba ua na chai si vitu vya kulinganishwa. Chai hunywewa kila asubuhi na mamilioni. Ua hutazamwa likanyauka. Pingamizi hili lina nguvu kwa mtu mwenye njaa, lakini halina nguvu kwa mwanahistoria. Chai yenyewe haimshibishi mtu, na kiu yake ilijengwa kwa matangazo na bei nafuu kwa zaidi ya karne mbili. Isitoshe, Kenya hiyohiyo leo inaingiza fedha nyingi za kigeni kwa maua ya kukatwa, na Kericho yenyewe ilikuwa na mashamba ya maua chini ya kampuni ya chai kwa miaka mingi. Yaliyopandwa humo yalikuwa hasa mawaridi na kanesheni za Ulaya, maua ambayo asili yake haina uhusiano wowote na misitu ya Mau. Yaani soko la maua lilikuwepo, ardhi ilikuwepo, mikono ilikuwepo, na bado ua la bondeni, umbali wa hatua chache kutoka kwenye nyumba za plastiki, halikuhesabiwa. Kilichokosekana hakikuwa uzuri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa limepimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa shirika la pamoja la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, wakiongozwa na H.C. Pereira, walichagua mabonde mawili ya msitu karibu na Kericho, Lagan na Sambret. La kwanza liliachwa kama lilivyo. Katika la pili sehemu ya msitu ilikatwa na kupandwa chai. Waliweka vipimo vya mvua na vya maji yanayotoka, wakaendelea kupima kwa miaka mingi. Walichokuta kiliwashangaza waliotarajia balaa: chai ikishafunika ardhi vizuri, na matuta na mifereji ikitengenezwa kwa uangalifu, mto hautoi maji kidogo kuliko chini ya msitu, na mmomonyoko unaweza kudhibitiwa. Huu ni ushahidi wa kuheshimiwa, na anayeandika kwamba chai imekausha Kericho anapaswa kuusoma kwanza. Lakini tuangalie kilichopimwa. Ni maji, na udongo unaobebwa na maji. Kivuli hakikupimwa. Mmea wa shina la maji hauishi kwa wingi wa lita zinazopita mtoni; unaishi kwa hewa yenye unyevu chini ya matawi, na chai iliyokatwa kiunoni, juani, haiwezi kuupa hayo. Jaribio la Sambret linathibitisha kwamba mto unaweza kuokoka bila msitu. Haliwezi kutuambia kwamba bonde lililobaki ni bonde lilelile.

Ndiyo maana sehemu zilizobaki zina maana kubwa kuliko ukubwa wake. Mwaka 1986 serikali ya Rais Moi ilianzisha Nyayo Tea Zones, mkanda wa chai uliokusudiwa kuzunguka misitu ya serikali ili watu wasivuke kuingia ndani. Wazo lina mantiki, na pia lina kejeli: chai iliyokula ukingo wa msitu sasa ndiyo inayowekwa mlinzi wake. Mlinzi huyo hakutosha. Mwaka 2001 serikali iliondoa makumi ya maelfu ya hekta katika Mau kutoka kwenye orodha ya misitu, zikiwemo za Mau ya Kusini Magharibi, msitu unaolisha mito ya Kericho na Bomet. Mjadala uliofuata, wa kufukuzwa kwa walioishi humo na kupanda miti upya, ulihusu maji na kura. Mimea ya chini ya msitu haikuwa na mtetezi ndani yake.

Yupo pia atakayeuliza: kwani nani ameibiwa? Mbegu alizotuma Kirk hazikupunguza chochote kwenye msitu. Mmea mama ulibaki na watoto wake. Hoja hii naikubali karibu yote. Kuita safari ile wizi ni kukosea, kwa sababu kilichochukuliwa kiliacha kingine kama hicho nyuma yake, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu malisho ya Sotik wala nyumba za Talai. Hapo ndipo tofauti ya safari mbili inapojitokeza wazi. Mmea uliotoka uliacha ardhi ikiwa mahali pake. Ulioingia ulihitaji ardhi, na ardhi ikichukuliwa na mmoja mwingine hana. Kwa hiyo madai ya Wakipsigis na Talai, ambayo Tume ya Taifa ya Ardhi iliyatolea uamuzi mwaka 2019 na ambayo mwaka 2022 yalipelekwa hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ni madai ya ardhi, si ya mbegu. Kuhusu mbegu, Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010 vinaangalia mbele tu: kilichotoka mwaka 1882 hakiwezi kurudishwa kwa kifungu chochote.

Lakini swali la nani anamiliki taasisi halikufungwa mwaka 1882. Mfano ni chai yenyewe. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya kusimamia mazao ya wakulima wadogo, na mwaka 1964 ikazaliwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai yao. Ghafla mmea uliokatazwa kwa Mkipsigis ulikuwa kwenye nusu ekari nyuma ya nyumba yake, ukichumwa majani mawili na kichipukizi, ukipelekwa kituo cha kupimia na kisha kiwandani Litein, Kapkoros, Mogogosiek au Kapset, na bonasi ya mwaka ikilipa karo. Leo wakulima wadogo ndio wanaotoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Mmea haukubadilika hata kidogo kati ya 1950 na 1965. Kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kuupanda, nani aliyemletea miche na nani aliyemjengea kiwanda. Upande wa maua mambo yalikwenda kinyume. Kenya ilijiunga mwaka 1999 na muungano wa kimataifa unaolinda haki za wanaozalisha aina mpya za mimea, na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, ikapewa kazi ya kuandikisha haki hizo; waliojaa kwenye foleni ya maua walikuwa wazalishaji wa kigeni wakileta mawaridi yao. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, ila aliyekuwa na maabara ndiye aliyeingia.

Na dunia ilikuja kulihitaji tena ua la walleriana kwa njia isiyotarajiwa. Kuanzia mwaka 2011 ugonjwa wa ukungu ulienea Uingereza na Marekani, ukavua walleriana majani na kuacha mashina matupu yaliyosimama. Wauzaji wengi wakaacha kabisa kulipanda. Makampuni ya mbegu yalitumia miaka kutafuta ukinzani, na karibu na mwaka 2020 yakarudi sokoni na aina mpya. Moja, ya kampuni ya Uswisi ya Syngenta, iliitwa Imara. Jina limetoka pwani yetu, kama ua lenyewe. Haki ya kuuza mbegu haijatoka huku.

Atakayesema kwamba watafiti wetu hawangeweza kazi hiyo anasahau Timbilil. Kituo cha utafiti wa chai cha huko, kilichoanzishwa Kericho mwaka 1951, kimetoa aina za chai zinazopandwa na wakulima kote nchini, na mwaka 2011 kilitoa TRFK 306, chai ya majani ya zambarau, iliyochaguliwa kwa subira ya miaka mingi. Ni kazi ileile ya Claude Hope: kupanda, kutupa, kubakiza, kupanda tena. Lakini chai ya zambarau haiwezi kuchanganywa na ya kijani bila kupoteza sababu ya kuwepo kwake. Inataka kuchumwa peke yake, kusafirishwa peke yake, kusindikwa kwa mtambo uliotengwa, na mnunuzi anayejua anachokinunua. Mkulima mwenye mistari kumi ya zambarau katikati ya kijani, akiwa na kituo kimoja cha kupimia na lori moja linalopita, anaiona bei ileile ya kilo. Miche ilikuwa tayari kabla ya mtambo na kabla ya mnunuzi.